Mpira Unaotanuka kwa Umeme: Somo la Polima Laini na Misuli Bandia

Sokoni Bukene, wilayani Nzega, kama ilivyo katika miji mingine midogo ya mkoa wa Tabora, fundi baiskeli na fundi wa kuziba ndoo huweza kuonekana wakifanya kazi jirani. Fundi baiskeli akiletewa tyubu iliyotoboka huikwangua, huipaka solushoni, kisha huibandika kiraka. Hajaribu kuiyeyusha, kwa sababu tyubu ikipata moto huungua na kutoa moshi mweusi, haigeuki uji. Mwenzake hupasha kipande cha chuma makaani na kukipitisha juu ya ufa wa ndoo. Plastiki huyeyuka, hushikana, na ikipoa ndoo hushika maji tena. Vitu vyote viwili ni polima, yaani vimeundwa kwa molekuli ndefu mithili ya minyororo. Lakini tyubu hunyumbuka na haiyeyuki, ilhali ndoo huyeyuka na hainyumbuki.

Makala haya yanahusu polima ya namna ya tatu, ambayo hunyumbuka kama tyubu na huyeyuka kama ndoo, na ambayo, ikitengenezwa laini vya kutosha, hutanuka yenyewe inapopitishiwa umeme. Wahandisi huitumia kuunda misuli bandia. Somo hili limeletwa katika jarida la afya kwa sababu swali lake limekwisha kufika katika zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, au aliyepooza mkono kwa kiharusi, huonyeshwa katika simu picha za mikono laini inayojikunja kwa umeme, naye humuuliza muuguzi: je, nisubiri hiyo? Muuguzi anastahili kuwa na jibu lenye msingi.

Umeme unavyobana mpira

Msuli bandia wa aina hii ni kitu sahili kwa kukitazama. Ni utando mwembamba wa mpira uliopakwa pande zote mbili kitu laini kinachopitisha umeme, kwa kawaida unga wa kaboni uliochanganywa na grisi. Umeme unapowashwa, upande mmoja hupata chaji chanya na wa pili chaji hasi. Chaji zisizofanana huvutana, hivyo pande mbili hukaribiana na kuubana utando ulio katikati. Mpira haupungui ujazo ukibanwa. Ukipungua unene ni lazima upanuke kwa upana, kama donge la ugali linavyofanya chini ya kiganja. Umeme ukizimwa, utando hurudi katika umbo lake la awali. Msogeo huo wa kutanuka na kurudi ndio unaofanya kazi ya msuli.

Jambo hili si geni. Mnamo 1880, Wilhelm Röntgen, yuleyule ambaye miaka 15 baadaye aligundua eksirei, alichapisha majaribio ya kuupa chaji mpira ulioning'inizwa na uzani, akaona ukirefuka. Baada yake jambo hilo lilibaki kama kioja cha maabara kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2000, watafiti wa SRI International huko California walionyesha katika jarida la Science kwamba tando za silikoni na akriliki, zikivutwa kwanza, huweza kutanuka kwa umeme zaidi ya asilimia 100. Tangu hapo mashindano ya kutafuta mpira bora zaidi yamekuwa makali.

Ili kuelewa kinachotafutwa, hesabu moja yatosha. Shinikizo linaloubana utando hutegemea mambo mawili: uwezo wa mpira wa kuhifadhi chaji, na nguvu ya uga wa umeme, yaani volti zilizogawanywa kwa unene wa utando. Uga ukizidishwa mara mbili, shinikizo huzidi mara nne. Chukua mpira wa kawaida wenye uwezo wa kuhifadhi chaji mara 3 ya ombwe. Ukiupa uga wa volti 100 kwa kila mikromita, shinikizo huwa kilopaskali 266 hivi, au takribani milimita 2,000 za zebaki kwa kipimo ambacho wahudumu wa afya wamekizoea. Hiyo ni nguvu nyingi. Lakini utando wa mikromita 50, ambao unakaribia unene wa unywele, utahitaji volti 5,000. Umeme wa ukutani ni volti 230.

Sasa punguza uga hadi volti 10 kwa mikromita. Volti zinazohitajika hushuka hadi 500, na shinikizo hushuka mara 100, hadi kilopaskali 2.7 tu. Hiyo ni sawa na milimita 20 za zebaki, chini ya shinikizo la chini la damu la mtu yeyote mwenye afya. Mpira wa silikoni wa kawaida, wenye kipimo cha ugumu cha kilopaskali 1,000, hautatikisika: utapungua unene kwa takribani asilimia 0.3. Mpira ulio laini mara 100 zaidi, wenye ugumu wa kilopaskali 10, utapungua kwa zaidi ya robo ya unene wake. Nguvu ni ileile, volti ni zilezile. Kilichobadilika ni ulaini tu. Kwa hiyo njia ya kupunguza volti ni kutengeneza mpira laini, na hapo ndipo ugumu wa kazi unapoanzia.

Kwa nini ulaini ni mgumu kupatikana

Minyororo ya molekuli ndani ya mpira imesokotana na kupitana kama nyuzi za katani zilizotupwa chunguni. Hata pale ambapo viungo vya kudumu kati yao ni vichache, misokotano hiyo yenyewe huzuia mwendo na kuufanya mpira uwe mgumu kiasi. Mtengenezaji anaweza kupunguza viungo atakavyo, lakini hawezi kushuka chini ya sakafu iliyowekwa na misokotano, ambayo kwa mpira mwingi ni mamia ya kilopaskali.

Njia ya kwanza ya kuishinda sakafu hiyo ni kuongeza mafuta. Mafuta huitenga minyororo, misokotano hupungua, na mpira hulainika. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walionyesha kwamba kopolima za vitalu zilizojazwa mafuta hutanuka vizuri kwa umeme mdogo kuliko uliokuwa ukihitajika na akriliki. Hata hivyo, mafuta hayakai mahali pake milele. Hutoka polepole, hupaka kila kinachogusana nayo, na jinsi yanavyotoka ndivyo mpira unavyobadilika tabia. Kifaa cha maabara kinaweza kuvumiliwa hivyo. Kifaa cha kuvaliwa na mgonjwa, au kuwekwa mwilini, hakiwezi.

Njia ya pili ni kubadili umbo la mnyororo wenyewe. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanaifahamu brashi ya kusafishia chupa: waya mmoja katikati, na nywele nyingi fupi zilizosimama pande zote. Molekuli inaweza kujengwa kwa umbo hilo. Nywele za pembeni huisukuma mbali minyororo jirani, kwa hiyo uti wa katikati haupati nafasi ya kusokotana na wenzake. Nywele hizo hufanya kazi ya mafuta, kwa tofauti moja kubwa: zimefungwa kwenye mnyororo na haziwezi kuvuja. Mwaka 2016, katika jarida la Nature Materials, watafiti walieleza mipira mikavu ya namna hii yenye ugumu unaoshuka hadi takribani paskali 100, ulaini ambao zamani ulipatikana katika jeli zenye maji peke yake. Mwaka uliofuata, mipira ya brashi ilionyeshwa ikitanuka zaidi ya asilimia 300 kwa uga usiofika volti 10 kwa mikromita, bila kuvutwa kwanza juu ya fremu.

Habari ya fremu yahitaji maelezo, kwa kuwa inahusu hatari ambayo daktari ataitambua mara moja. Utando ukibanwa huwa mwembamba. Ukiwa mwembamba, uga wa umeme ndani yake huongezeka. Uga ukiongezeka, utando hubanwa zaidi. Mzunguko huo ukikosa breki, utando hutoboka kwa cheche. Ni mwenendo uleule wa mshipa mkuu wa damu unaovimba: ukuta ukitanuka hupungua unene, mkazo juu yake huongezeka, nao huzidi kutanuka hadi kupasuka. Watafiti wa mwaka 2000 waliuepuka kwa kuvuta utando na kuukaza kwenye fremu ngumu, jambo lililofanya kazi, ila fremu huongeza uzito na kuua ule ulaini uliotafutwa.

Mwili una jibu zuri zaidi. Ishike ngozi ya mgongo wa kiganja na kuivuta taratibu. Mwanzoni hufuata vidole bila ubishi, halafu ghafla hukataa. Nyuzi za kolajeni, zilizokuwa zimejikunja, zimenyooka na kukaza. Ukuta wa ateri hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana ateri yenye afya haipasuki kwa kila pigo la moyo. Mpira wa msuli bandia hauna budi kuiga tabia hiyo: kuwa laini sana mwanzoni ili volti chache zitoshe, kisha kukaza kwa haraka kabla mzunguko wa hatari haujaanza.

Kazi ya vitalu

Hapa ndipo kopolima ya vitalu inapotoa mchango wake. Ni mnyororo mmoja uliojengwa kwa vipande, au vitalu, vya asili tofauti: kitalu kigumu mwanzoni, kitalu laini kirefu katikati, kitalu kigumu mwishoni. Vitalu vigumu na laini havipatani, kama mafuta na maji, lakini haviwezi kuachana kwa kuwa vimefungwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba ncha ngumu za minyororo mingi hukusanyika katika vijitufe vidogo vya ukubwa wa nanomita chache au makumi kadhaa, vilivyotawanyika katika bahari ya kitalu laini. Kila kijitufe ni fundo linaloshika minyororo mingi kwa pamoja.

Mafundo hayo yanatofautiana na ya tyubu kwa jambo moja. Katika tyubu, salfa imeunganisha minyororo kwa kemia isiyorudi nyuma, ufundi unaotokana na kazi ya Charles Goodyear kuanzia mwaka 1839. Vijitufe vya kopolima vinashikana kwa ubaridi tu. Vikipashwa joto kupita kiwango chake, ambacho kwa polistirini ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hulegea na polima hutiririka. Zikipoa, mafundo hurudi. Utando unaweza kumiminwa, kushinikizwa, hata kuchapwa kwa mashine, pasipo kemikali ya kukaushia ambayo mabaki yake yangeweza kuudhi ngozi ya mgonjwa.

Ukiweka brashi mahali pa kitalu laini, unapata mafanikio mawili kwa pamoja. Mwaka 2018, jarida la Science lilichapisha kazi ya polima zilizojengwa hivyo: brashi ya silikoni katikati na vitalu vigumu vya akriliki miishoni. Zililingana na ngozi ya nguruwe katika namna ya kulainika na kukaza, na zilibadili rangi zilipovutwa, kama kinyonga. Uti wa brashi umekwisha kuwa umevutwa nusu na vijitufe hata kabla mtu hajaugusa, kwa hiyo ukivutwa kidogo tu hufika mwisho wa urefu wake na kukaza. Ile fremu ngumu imehamishwa kutoka nje ya utando ikaingizwa ndani ya molekuli.

Mbunifu ana vishikizo vinne vikuu: urefu wa nywele za brashi, nafasi kati ya nywele, urefu wa uti, na kiasi cha kitalu kigumu. Kila kimoja hutoa na kunyang'anya. Nywele ndefu hulainisha, lakini pia hupunguza idadi ya minyororo inayobeba mzigo. Kitalu kigumu kikizidi, mpira huwa mkakamavu. Kikipungua, ncha huchomoka katika vijitufe na utando huendelea kulegea chini ya mzigo bila kurudi kamili, kasoro ambayo katika kifaa kinachojikunja mara mamilioni haina dawa. Wapo wanaoongeza chembe za madini ili mpira uhifadhi chaji nyingi zaidi. Faida hupatikana, nao mpira hukakamaa na kuanza kuvujisha umeme. Zaidi ya yote kuna usafi. Punje moja ya vumbi katika utando wa mikromita 50 ni mahali ambapo cheche itaanzia. Yeyote anayejua vumbi la Bukene mwezi wa Septemba ataelewa kwa nini tando hizi bado ni za vyumba maalumu.

Kuhusu usalama wa volti nyingi, hofu ya wasomaji ni ya haki, ila inahitaji kipimo. Utando wa sentimita za mraba 100 na unene wa mikromita 50, ukipewa volti 5,000, huhifadhi nishati isiyofika sehemu ya kumi ya jouli moja. Mashine ya kushtua moyo hutoa jouli 150 au zaidi. Hatari kubwa imo katika kinyanyua volti kinachoulisha utando, ambacho sharti kibanwe kisiweze kutoa mkondo mkubwa, na katika jasho linalopenya kizio.

Msuli wa mpagazi

Ni vema kukumbuka kinachoshindaniwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia za misafara kati ya Tabora na pwani katika karne ya 19 walibeba mizigo ya takribani frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa majuma mengi mfululizo. Msuli uliofanya kazi hiyo hujifupisha kwa karibu asilimia 20, huvuta kwa kilopaskali 100 hadi 350, hujirekebisha usiku na huendeshwa kwa ugali. Kwa upande wa kutanuka, mpira wa brashi umekwisha kuupita msuli. Kwa upande wa nguvu haujaupita, kwa kuwa ulaini unaopunguza volti ndio huohuo unaopunguza nguvu ya kuvuta. Milimita 20 za zebaki hazinyanyui ndoo ya maji. Watafiti hulazimika kupanga tando kwa mamia, moja juu ya nyingine, na kila utando unaoongezwa huongeza uwezekano wa kutoboka.

Mwezi Machi 2005, huko San Diego, mikono mitatu ya roboti yenye misuli ya polima ilishindanishwa kusukumana mkono na mwanafunzi wa kike wa sekondari. Msichana aliishinda yote mitatu, na mmoja wao ulidumu sekunde chache tu. Maendeleo yamekuwapo tangu siku hiyo. Mwaka 2021, watafiti wa EPFL nchini Uswisi walichapisha majaribio katika nguruwe, ambapo bomba la utando wa namna hii liliwekwa mahali pa sehemu ya mshipa mkuu ili kuusaidia moyo. Hata hivyo, kati ya nguruwe wa maabara na mgonjwa wa wodini kuna safari ndefu.

Kinachofaa leo katika kituo cha afya

Jibu la swali la mgonjwa, basi, ni hapana: asisubiri. Kigutu kisichofanyiwa kazi hakikai kama kilivyo. Mgonjwa anayelaza kigutu juu ya mto kwa miezi kadhaa, akingoja kifaa cha kesho, atakakamaa nyonga au goti, na mguu wa bandia wa leo, ambao ungemwezesha kurudi shambani, utakataa kumwenea. Alale kifudifudi kila siku kwa muda, goti linyooshwe, kigutu kifungwe bandeji ya kunyumbuka kama alivyoelekezwa. Aliyepooza kwa kiharusi aanze mazoezi mara hali yake inapotulia. Bega lishikiliwe vema, na ndugu waonywe wasimnyanyue kwa kuuvuta mkono uliolegea. Kwa mgonjwa wa Bukene, rufaa huanzia kituoni, huendelea Nzega, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, ambako mpango wa kupata kiungo bandia unaweza kufuatiliwa.

Hata hivyo, kopolima za vitalu zimekwisha kuwafikia baadhi ya wagonjwa kwa mlango mwingine. Soksi nyingi za jeli zinazovaliwa kati ya kigutu na mguu wa bandia hutengenezwa kwa polima ya jamii hii iliyojazwa mafuta, ileile ya njia ya kwanza iliyoelezwa juu. Ni ghali, na wagonjwa wengi hupewa povu laini na soksi ya pamba badala yake. Aliyebahatika kuwa nayo aelewe tabia zake kutokana na somo hili. Mafundo yake hushikana kwa ubaridi, kwa hiyo isianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko. Mafuta huipenya na kuivimbisha, kwa hiyo kigutu kisipakwe mafuta ya mgando kabla ya kuivaa. Ioshwe kila jioni kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu, isuuzwe vizuri, ikaushwe kivulini. Mwenye kisukari akague kigutu kwa kioo kila siku, maana ngozi isiyo na hisia haitoi taarifa; wekundu unaobaki muda mrefu baada ya kuvua mguu ni sababu ya kurudi kwa mtaalamu, si ya kuongeza soksi.

Mguu wenyewe mara nyingi ni wa polipropilini. Wataalamu wanaofunzwa katika chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hujifunza kupasha bamba la plastiki hiyo katika tanuri na kulinyonya kwa ombwe juu ya nakala ya plasta ya kigutu, mpaka lishike kila umbo lake. Polipropilini ni ndugu wa plastiki ya ndoo, nayo huyeyuka kama ndoo. Kwa sababu hiyo hutokea mgonjwa akaupeleka mguu uliopata ufa kwa fundi wa sokoni, na chuma cha moto kikapita juu yake. Ufa huonekana umezibwa. Lakini joto limepindisha ukuta uliopimwa kwa makini, ngozi hubanwa mahali pasipostahili kubanwa, na plastiki iliyoungua hubaki dhaifu mahali palepale panapobeba uzito wa mwili mzima. Mguu uliopata ufa uvuliwe, mgonjwa arudi kwenye magongo, na mguu upelekwe kwa mtaalamu wa viungo bandia hata kama safari itachukua siku mbili.